Nani Ashike Mizani? Juu ya Amana ya Umma Katika Zama za Kompyuta

Mtu afikaye katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, katika Wilaya ya Ilemela, hana budi kuiona mizani. Dagaa na samaki wakavu hufika kwa mitumbwi na mashua kutoka visiwani. Wanunuzi hutoka katika mikoa mingi ya nchi yetu na hata katika nchi jirani za Kongo, Rwanda na Burundi. Watu ni wengi na lugha ni nyingi, lakini kipimo ndicho kinachowaunganisha. Ndiyo maana mwenye mzigo hautazami mzigo wake tu, bali pia huutazama mkono wa yule anayepima. Anajua kwamba jasho lake la usiku kucha ziwani laweza kupungua katika dakika moja, si kwa dhoruba wala kwa wimbi, bali kwa kipimo ambacho yeye hana mamlaka juu yake.

Katika insha hii nakusudia kulichunguza swali ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laonekana kuwa ni la mafundi peke yao. Swali lenyewe ni hili: Shirika lisilo la faida, lililoundwa ili kuwahudumia watu kwa njia ya intaneti, je, liweke kumbukumbu za watu wake katika mashine linazozimiliki na kuzitunza lenyewe, au liziweke katika mashine za makampuni makubwa ya biashara ambayo hukodisha nafasi duniani kote? Mafundi hulijibu swali hili kwa kulinganisha bei na kasi. Majibu yao ni ya lazima, lakini hayatoshi. Nitajaribu kuonyesha kwamba swali hili ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi, na kwamba watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria walikwisha kulikabili zamani, kabla ya kompyuta kufika kwao, walipoulizana ni nani ashike mizani.

Funzo la pamba

Wazee wa Usukuma hawana haja ya kufundishwa maana ya mizani. Katika miaka ya ukoloni pamba ilikuwa zao kuu la biashara katika Jimbo la Ziwa. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akachambua safi na chafu, kisha akaupeleka mzigo wake kituoni. Hapo kituoni mizani ilikuwa ya mnunuzi, mpimaji alikuwa wa mnunuzi, na daftari lilikuwa la mnunuzi. Wakulima walilalamika kwa muda mrefu kwamba walikuwa wakipunjwa. Walakini mtu asiye na mizani hawezi kuthibitisha kwamba amepunjwa. Anaweza kunung'unika tu. Tena, hata pale mnunuzi alipokuwa mwaminifu, mkulima hakuwa na njia ya kuujua uaminifu huo. Hivyo mwaminifu na mdanganyifu walionekana sawa machoni pake, na hali hiyo yenyewe ni dhuluma kwa pande zote mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kujipanga. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana zaidi kwa herufi zake za VFCU, lenye makao yake Mwanza. Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake mashuhuri. Kufikia mwaka 1960 ushirika ulikuwa umeshika takriban ununuzi wote wa pamba ya jimbo hilo, nao ulikuwa umeanza kumiliki vinu vya kuchambulia pamba.

Yafaa tuangalie kwa makini jambo ambalo wakulima hao walilikataa na lile ambalo hawakulikataa. Hawakuikataa biashara. Pamba iliendelea kusafirishwa ng'ambo na kuuzwa kwa bei ya soko la dunia. Hawakudai kutengeneza kila kitu kwa mikono yao. Mizani yenyewe ilitoka viwandani mbali. Walichokikataa ni kuishi katika mapatano ambayo upande mmoja tu ndio unaoona, unaoandika na unaoamua. Walitaka kipimo kiwe mahali ambapo macho yao yanafika. Hiyo ndiyo maana ya kujitegemea ambayo nitaitumia katika insha hii.

Wingu ni ghala

Siku hizi mashine za kukodi za makampuni ya biashara huitwa wingu. Jina hilo ni jepesi kuliko kitu chenyewe. Mawingu ya mbinguni hayana mwenyewe. Huja na kwenda, na mvua yake humnyeshea tajiri na maskini. Wingu la kompyuta, kinyume chake, ni majengo yaliyojaa mashine, nyaya, mitambo ya umeme na ya kupoza joto, walinzi na mikataba. Ni ghala, na ghala lina mwenyewe. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha ghala za namna hiyo kwa umma mwaka 2006, na baadaye Microsoft na Google zikafuata. Katika bara letu, Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Hivyo, kwa mtu wa Ilemela, wingu lililo karibu la makampuni hayo limekaa Afrika Kusini.

Ili tusizungumze hewani, tufikirie chama kidogo cha walimu wa kujitolea katika wilaya hii. Tuseme chama hicho kinawahudumia wanafunzi wa sekondari kutoka Buswelu na Pasiansi hadi Sangabuye na Kayenze. Kinakusanya masomo, mitihani iliyopita, maswali ya wanafunzi na majibu ya walimu wao. Baada ya muda kinakuwa pia na alama za wanafunzi, majina ya wale wanaohitaji msaada wa sare na madaftari, na barua za siri ambazo mwanafunzi humwandikia mwalimu anapokuwa na matatizo nyumbani. Chama hiki hakiuzi kitu. Mtaji wake ni imani ya watu. Je, kiviweke wapi vitu hivi?

Maana ya amana

Katika lugha yetu tunalo neno ambalo latufaa kuliko maneno yote ya kiufundi, nalo ni amana. Mtu anayesafiri humwachia jirani yake fedha au mifugo. Aliyepewa amana hana ruhusa ya kuitumia, wala kuichanganya na mali yake, wala kuikabidhi kwa mtu wa tatu bila ya idhini ya mwenyewe. Ikiwa amemkabidhi mtu wa tatu na kikapotea, hawezi kusema, "Si mimi niliyepoteza." Ataulizwa yeye, maana yeye ndiye aliyeaminiwa.

Mwanafunzi anayeandika jina lake na shida yake katika huduma ya chama kile anaweka amana. Anawajua walimu, hajui kampuni iliyoko maelfu ya kilomita kutoka kwake. Chama kikiyahamishia maandishi yake katika ghala la kampuni hiyo, kimemkabidhi mtu wa tatu. Sisemi kwamba jambo hilo ni haramu moja kwa moja. Nasema kwamba ni tendo linalohitaji sababu na idhini, wala si jambo la kufanywa kwa mazoea kwa kuwa kila mtu anafanya. Sheria ya nchi nayo imelitambua jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawawekea masharti wale wote wanaokusanya habari za watu, na imeweka masharti maalumu juu ya kuzipeleka habari hizo nje ya nchi. Lakini sheria huja nyuma ya dhamiri. Mwalimu mwema hangoji sheria ili aache kutangaza siri ya mwanafunzi wake.

Aidha, amana ina sharti jingine ambalo husahaulika: sharti la kurudishwa. Amana isiyoweza kurudishwa si amana tena. Hapa ndipo tunapoiona tofauti kati ya ghala letu na ghala la kukodi. Makampuni ya wingu, kwa desturi yao, hupokea maandishi bila malipo, lakini hutoza malipo pale mteja anapoyatoa. Mapema mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kuwasamehe malipo hayo wateja wanaohama kabisa. Na msamaha huo wenyewe ni ushahidi kwamba lango la kutokea lilikuwa na ushuru. Pamoja na hayo, ugumu mkubwa si ushuru, bali mazoea. Kila kampuni ina namna zake za kupanga na kuendesha kazi, na chama kilichojengwa juu ya namna hizo kwa miaka mingi huona kwamba kuhama ni sawa na kujenga upya. Mtu ambaye hawezi kuondoka hana tena haja ya kuulizwa maoni yake.

Sharti la tatu ni kwamba mwenye kushika amana ajue mahali ilipo. Mwezi Mei 2024, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya laki sita, ulipotewa na mazingira yake yote ya kazi katika wingu la Google kwa sababu ya kosa lililofanyika ndani ya kampuni hiyo wakati wa kuyaandaa. Kwa muda wa wiki moja na zaidi wanachama hawakuweza kuziona akaunti zao kwa kawaida. Kilichouokoa mfuko huo ni kwamba ulikuwa umeweka nakala kwa mtoaji huduma mwingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kisa hicho chatufundisha kwamba ukubwa wa mwenye ghala haumwondolei mwenye amana wajibu wa kukesha.

Gharama na umbali

Baada ya kusema juu ya amana, na tutazame mambo mawili yanayoonekana kwa macho.

La kwanza ni gharama. Ankara ya wingu kwa kawaida huhesabiwa kwa dola, na hupanda kila huduma inapotumiwa zaidi. Kwa mfanyabiashara jambo hilo ni la haki: wateja wakiongezeka, mapato huongezeka. Kwa chama kisicho cha faida mambo ni kinyume. Wanafunzi wakiongezeka, mapato hayaongezeki. Kinachoongezeka ni ankara. Yaani chama huadhibiwa kwa kufanikiwa. Tena thamani ya shilingi haingoji mpango wa chama. Mwaka 2014 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 1,650. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imezidi shilingi 2,600. Chama ambacho hakikuongeza hata mwanafunzi mmoja katika miaka hiyo kingelipa shilingi nyingi zaidi kwa huduma ile ile. Mashine iliyonunuliwa, kwa upande mwingine, hulipiwa mara moja, nayo hufanya kazi kwa miaka kadhaa. Umeme wake na ujira wa fundi hulipwa kwa shilingi, na ujira huo hubaki nchini.

La pili ni umbali. Nchi yetu iliunganishwa na dunia kwa mikongo ya baharini ya Seacom mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukayafikisha mawasiliano hayo mikoani. Faida yake ni kubwa na haina ubishi. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo yote miwili ilikatika baharini upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kwa siku kadhaa watu walikaa na simu na kompyuta zilizo nzima, huku huduma nyingi zilizokaa ng'ambo zikiwa hazifikiki au zikifikika kwa shida. Sasa tukumbuke chama chetu cha walimu. Mwalimu yuko Pasiansi na mwanafunzi yuko Sangabuye, ndani ya wilaya moja. Ikiwa somo limekaa Cape Town, kukatika kwa waya katika Bahari ya Hindi kutamzuia mwanafunzi huyo asimsome mwalimu wake. Ikiwa somo limekaa Mwanza au Dar es Salaam, na watoaji wa huduma hapa nchini wamepeana njia ya kupitishiana mawasiliano bila kuyatoa nje, somo laweza kuendelea kufika. Si jambo la busara kwamba majirani wawili washindwe kusemezana kwa sababu neno la mmoja lazima lizunguke bahari kabla ya kumfikia mwenzake.

Elimu ya kushika chombo

Walakini sababu iliyo kubwa kuliko zote, na inayotuhusu sisi walimu na wanafunzi moja kwa moja, ni ile ya maarifa. Mwezi Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa maelezo yake ya Elimu ya Kujitegemea. Shabaha yake haikuwa mashamba ya shule peke yake, kama wengi walivyoielewa kwa ufupi. Shabaha yake ilikuwa kumtoa mwanafunzi katika hali ya kuwa mpokeaji tu, ili awe mtu anayeweza kuitengeneza hali ya maisha yake pamoja na wenzake.

Kijana wa sekondari anayetumia huduma ya wingu hujifunza kubofya na kulipa. Kijana anayesaidia kuitunza seva ya chama chake hujifunza jinsi maandishi yanavyohifadhiwa, jinsi yanavyofungwa kwa usimbaji ili asiyehusika asiyasome, jinsi nakala zinavyofanywa, na jinsi kosa linavyotafutwa hatua kwa hatua. Zana za kazi hiyo zipo: programu huria, ambazo mtu yeyote aweza kuzitumia, kuzichunguza na kuzirekebisha, huendesha sehemu kubwa ya intaneti, yakiwemo maghala ya makampuni yenyewe. Kwa hiyo tofauti kati yetu na wenye maghala si siri ya programu. Ni mtaji na watu wenye ujuzi. Mtaji hatuwezi kuupata kwa siku moja. Ujuzi twaweza kuanza kuupata kesho asubuhi, mradi tukubali kushika chombo kwa mikono yetu.

Hoja za upande wa pili

Haitakuwa haki kuacha kuzisikiliza hoja za wale wanaoyapendelea maghala ya kukodi, maana hoja zao ni nzito, nao si maadui wa umma.

Wanasema kwanza kwamba umeme wetu haujatengemaa. Ni kweli. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024 nchi ilipita katika mgao wa umeme, na seva isiyo na betri wala jenereta ni sanduku la chuma tu. Wanasema pili kwamba mafundi ni wachache na huhama. Hilo nalo ni kweli. Chama kinachomtegemea kijana mmoja mwerevu, ambaye peke yake anazijua nywila zote, hakijitegemei, bali kimebadilisha bwana. Wanasema tatu kwamba wahalifu wa mtandao hawamwonei huruma mtu kwa kuwa hatafuti faida. Shirika la Internet Archive la San Francisco, lililoanzishwa mwaka 1996, linahifadhi kurasa za intaneti na vitabu katika mashine zake lenyewe, nyingine zikiwa ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Mwezi Oktoba 2024 lilishambuliwa. Habari za akaunti zipatazo milioni 31 ziliibwa, na huduma zake zikafungwa kwa siku kadhaa. Kumiliki ghala hakumzuii mwizi.

Mfano mwingine upo kwa jirani zetu. Kenya ilipoeneza mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, ilikusudiwa kutumia seva ya wizara. Lakini mawasiliano ya hapo hayakutosha kubeba kazi hiyo, ikabidi ikodiwe seva ya kibiashara nje ya nchi. Je, twaweza kuwalaumu? Mgonjwa hangoji mpaka falsafa yetu itimie. Walichagua kufanya kazi kwa chombo kilichokuwapo, na kwa kufanya hivyo taarifa za hospitali na zahanati zilianza kuonekana mahali pamoja.

Nami nitaongeza hoja moja ambayo hawa hawaitaji, lakini historia ya Mwanza hailiruhusu swali hili lipite bila kuitaja. Ushirika wa pamba, uliozaliwa kwa ajili ya mizani ya haki, nao ulipata maradhi. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuuchunguza ushirika nchini, kwa kuwa wakulima walikuwa wameanza kulalamika juu ya viongozi wao wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuvirudisha. Watu wana maoni mbalimbali juu ya uamuzi wa kuvivunja. Lakini jambo moja ni wazi: mkulima aweza kupunjwa pia na mizani iliyo mali yake, ikiwa amewaachia wachache waishike na yeye mwenyewe akaacha kwenda kuitazama.

Mbegu na chakula

Basi tufuate njia gani? Hapa desturi za wakulima zatupa kipimo kizuri. Mwaka wa njaa mkulima hununua chakula sokoni, wala hapati aibu kwa hilo. Lakini mbegu, awezavyo kwa kila hali, huihifadhi nyumbani mwake, juu ya moshi wa jiko au katika kihenge. Asiye na chakula ana shida ya msimu mmoja. Asiye na mbegu ana shida ya kila msimu, maana kila mwaka atapanga mstari mlangoni kwa mwenye nayo.

Kila shirika la umma halina budi kujiuliza: Mbegu yetu ni ipi, na chakula chetu ni kipi? Chakula ni nguvu ya mashine inayohitajika leo na kesho: kasi ya ziada siku za mitihani, au nafasi ya kusambazia picha ambazo hazina siri. Hivyo vyaweza kukodiwa, na hata vikipotea vitapatikana kwingine. Mbegu ni mambo matatu. La kwanza ni kumbukumbu zenyewe, pamoja na siri za watu zilizomo. La pili ni jina ambalo watu wanalitumia kuifikia huduma, lisajiliwe kwa jina la chama na si kwa jina la fundi wala la mfadhili. La tatu ni ujuzi wa kuiendesha kazi yote upya mahali pengine. Mambo haya matatu hayapaswi kuwa mikononi mwa mtu mwingine peke yake hata kwa siku moja.

Kipimo hiki hakidai kwamba kila chama kijenge jumba lake. Shirika la Wikimedia, ambalo ndilo linaloendesha kamusi elezo ya Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, halitafuti faida, nalo ni miongoni mwa huduma zinazosomwa zaidi duniani. Shirika hilo humiliki mashine zake na kuajiri mafundi wake, lakini huziweka mashine hizo katika majengo ya kukodi. Linanunua paa, umeme na ulinzi, haliuzi uamuzi. Chama cha Ilemela chaweza kuiga mfano huo kwa kadiri ya uwezo wake: mashine moja iliyo yake, ikiwa imewekwa katika chuo, katika ofisi iliyokubali, au katika kituo cha data hapa nchini, nakala ya pili katika wilaya nyingine, kwa chama rafiki ambacho nacho kinaleta nakala yake kwetu, na betri ya kutosha kuizima mashine kwa usalama umeme unapokatika. Mashirika kumi yakiungana yaweza kumwajiri fundi mmoja mzuri na kijana wa kumrithi, jambo ambalo kila moja peke yake haliwezi. Hivyo ndivyo vyama vya msingi vya pamba vilivyofanya: hakuna hata kimoja ambacho peke yake kingeweza kununua kinu.

Na ikiwa hali halisi inakilazimisha chama kukodi ghala la biashara leo, na kikodi, lakini kwa macho yaliyo wazi. Kiwaambie watu wake amana yao ilipo. Kiyafunge maandishi ya siri kwa ufunguo ambao mwenye ghala hana. Kiweke nakala nyumbani. Tena kila mwaka kifanye zoezi la kuirudisha huduma nzima kutoka katika nakala hiyo, maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari. Chama kinachotimiza masharti haya kikiwa katika ghala la kukodi kinajitegemea zaidi kuliko chama chenye seva yake iliyojaa vumbi, isiyo na nakala, iliyofungiwa chumbani na mtu mmoja mwenye ufunguo.

Hitimisho

Nilianza na mizani ya Mwaloni, nami nitarudi hapo. Mvuvi hahitaji kuwa mtengenezaji wa mizani. Anahitaji mambo matatu: aweze kuuona mshale, aweze kupima tena mahali pengine akitilia shaka, na aweze kuuchukua mzigo wake na kuondoka kama mapatano si ya haki. Akiwa na mambo hayo, hata mizani ya mwenzake yaweza kumtendea haki. Akiyakosa, hata mizani iliyoandikwa jina lake yaweza kumpunja.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mashirika yanayouhudumia umma bila faida yanapaswa kupendelea kuhifadhi amana ya watu kwa mikono yao, na kwamba anayechagua kinyume cha hapo ndiye mwenye wajibu wa kutoa sababu. Nashikilia pia kwamba upendeleo huo ni mzigo kabla ya kuwa fahari. Unadai kazi ya usiku wakati umeme unapokatika, unadai hesabu za wazi, na unadai kwamba aliyejua leo amfundishe mwingine kabla hajahama. Umma usiokubali mzigo huo utapata mizani yake, lakini hautapata haki.

Mwalimu mwenzangu, shuleni kwako bila shaka kuna kumbukumbu ambazo wanafunzi wamezikabidhi kwako kwa kukuamini. Waite wanafunzi wako, uwaulize swali hili, mlijibu pamoja: Zimewekwa wapi, nani mwingine anaweza kuzisoma, na zikitoweka usiku wa leo tutazirudisha kwa njia gani? Darasa litakaloweza kujibu maswali hayo matatu litakuwa limejifunza zaidi ya somo la kompyuta.